Mpinzani Ajaye kwa Njia ya Mto

Katika mambo yote yanayozungumzwa chuoni wiki ya mpambano wa kandanda, hakuna linalozungumzwa kwa wingi wa maneno na uchache wa ithibati kama habari za timu inayokuja. Na Yangambi, mahali ambapo habari hufika kwa mto pamoja na abiria na magunia, sifa za hasimu hutia nanga kabla ya hasimu mwenyewe, zikiwa zimekwisha kuongezwa chumvi katika kila gati la njiani. Mmoja husema wana mshambuliaji asiyekamatika. Mwingine husema mlinda lango wao haioni mipira ya juu. Wa tatu huapa kuwa nusu ya kikosi chao ni wachezaji wa vilabu vya mjini walioandikishwa darasani kwa ajili ya mchezo tu. Swali lililo nyuma ya maneno hayo yote ni hili: mpinzani apimwe kwa mizani gani, na kipimo hicho kiwafae nini wale kumi na mmoja watakaoingia uwanjani? Rai yangu ni kuwa aghalabu tunampima mpinzani asiyekuja. Tunampima yule aliyecheza kwao, mwaka jana, katika uwanja mkavu, dhidi ya watu wengine. Ilhali yule atakayeshuka chomboni siku ya mchezo ni mwingine, mwenye uchovu wake, na mapengo yake, na hofu zake, na ndiye huyo peke yake anayestahili kupimwa.

Haielekei Yangambi kukosa elimu ya kupima, kwa maana kupima ndiyo kazi iliyoujengea mji huu jina. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa kilimo iliyojulikana kwa herufi za INEAC, nayo ikaifanya Yangambi kuwa kituo chake kikubwa, juu ya uwanda ulioinuka upande wa kulia wa mto Kongo, kiasi cha kilomita 100 magharibi ya Kisangani. Na baada ya uhuru kazi ile ikarithiwa na INERA. Hapo mvua imepimwa tangu miaka ya 1930, na wastani wake hukaribia milimita 1,800 kwa mwaka. Hapo Beirnaert na Vanderweyen walithibitisha, katika kazi yao ya mwaka 1941, kuwa mchikichi wa ganda jembamba ni mzao wa mchikichi wa ganda nene na ule usiokuwa na ganda, jambo lililobadili kilimo cha mawese duniani kote. Hapo pia umesimama, tangu mwaka 2020, mnara wa mita 55 unaopima hewa inayoingia na kutoka katika msitu. Na chuo cha kilimo kilichochukua jina la mahali hapa, IFA-Yangambi, ijapokuwa sehemu kubwa ya mafunzo yake ilihamia Kisangani baadaye, kimewafundisha vijana wengi kuwa mti hauhukumiwi kwa sura yake ya siku moja. Mwalimu wa kilimo hatakubali mwanafunzi aandike kwamba mvua ilikuwa nyingi. Atamtaka milimita, saa na tarehe. Basi kwa nini kijana huyohuyo, akiisha kuvaa jezi, akubali kuambiwa kwamba winga wa kulia ana mbio nyingi, asiulize mbio hizo ni za hatua ngapi, akiwa na mpira mguuni au hana, na katika dakika ya kumi au ya themanini?

Mpinzani aliye karibu zaidi, kwa ujirani na kwa nasaba, ni Chuo Kikuu cha Kisangani. Chuo hiki kilianzishwa na makanisa ya Kiprotestanti mwaka 1963 kwa jina la Chuo Kikuu Huria cha Kongo. Mwaka 1971 kikatiwa, pamoja na vyuo vingine vya nchi, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Na mwaka 1981, muungano ule ulipovunjwa, kikasimama peke yake, na taasisi ya Yangambi nayo ikajitegemea. Ni ndugu waliogawana nyumba, na kama ilivyo kwa ndugu, kila mmoja hudhani anamjua mwenzake kwa kuwa walilala chumba kimoja. Dhana hiyo ina hatari yake. Mwanafunzi wa Yangambi aliyesoma sekondari Mangobo au Makiso, mjini Kisangani, atakuambia kwa yakini namna binamu yake achezavyo, naye amemwona mara ya mwisho miaka mitatu iliyopita, wakati binamu alipokuwa mwembamba na hajafundishwa na yeyote.

Hapo ndipo timu ya chuo inapotofautiana na klabu. Mtu akitaka kuipima TS Malekesa au AS Nika za Kisangani, hupata timu ambayo, hata ikibadili wachezaji, hubakia na desturi zake, viongozi wake na mashabiki wake wa miaka mingi. Timu ya chuo huondokewa na moyo wake kila mwaka: wa mwaka wa mwisho huhitimu na kwenda zao, wa mwaka wa kwanza huingia bila kujulikana, na yule kiungo aliyekuwa akigawa mipira yote pengine sasa ni mwalimu Isangi au mkulima Opala. Kwa hiyo daftari la mwaka jana lina thamani ya nusu tu, na nusu hiyo si ile watu wanayoitumia. Watu huhifadhi majina ya wafungaji na hesabu ya mabao. Kumbe kinachodumu katika timu ya chuo ni kocha wake, kama hajabadilika, na mazoea aliyowatia: namna wanavyopanga ukuta wa mpira wa adhabu, wanavyosimama kwenye kona, na wanavyofanya wakitanguliwa kufungwa. Majina yafutwe kila mwaka bila huruma, na mazoea yaachwe mpaka yathibitike kuwa yamekufa.

Fauka ya hayo kuna safari, na katika mkoa wa Tshopo safari si jambo la pembeni. Atokaye Kisangani kwenda Yangambi kwa mashua hushuka na maji. Atokaye Yangambi kwenda Kisangani hupandana nayo, na mashine ileile hutumia saa nyingi zaidi na mafuta mengi zaidi kwa masafa yaleyale. Maana yake ni kuwa mpinzani wetu hutufikia akiwa na nguvu zaidi kuliko sisi tunavyomfikia yeye, na anayelinganisha matokeo ya michezo miwili ya nyumbani na ugenini bila kulitia jambo hili katika hesabu, atawaona wenyeji wa Yangambi dhaifu kuliko walivyo. Akija kwa nchi kavu, itambidi kuvuka mto Lindi na kupita barabara ambayo wakati wa mvua huwaminya abiria mgongo na magoti. Ndiyo sababu swali la kwanza la mpimaji mwenye busara haliwi juu ya mshambuliaji wao. Huwa ni hili: watasafiri kwa chombo gani, na watalala wapi usiku wa kuamkia mchezo. Timu iliyofika jana jioni, ikala na kulala, si ile iliyoshuka saa sita mchana na kuvaa viatu saa nane.

Na uwanja nao una neno. Karibu na Ikweta jua huzama majira ya saa kumi na mbili mwaka mzima, na pasipo taa mchezo hauwezi kuanza baada ya saa kumi. Lakini saa za alasiri ndizo ambazo mawingu ya msitu hupenda kufungua mvua yake, hasa tangu mwezi wa nane hata wa kumi na moja. Mpira uliolowa huwa mzito, hauruki ulivyozoea, na huteleza ukigusa majani. Timu ya pasi fupi za haraka, iliyokuzwa katika viwanja vigumu vya mjini, inaweza kupoteza nusu ya ustadi wake kwa robo saa ya mvua. Na kinyume chake, mlinda lango wa kawaida anayejua kuuzuia mpira wa matope kwa kifua na magoti badala ya viganja anaweza kuwa mtu mkubwa siku hiyo. Jua likiwapo, aliyeshinda kura ya sarafu na kuchagua lango humtia mlinda lango wa upande wa pili jua machoni kwa dakika 45, na ni jambo la ajabu namna manahodha wengi wanavyochagua lango lililo karibu na mashabiki wao bila kutazama juu.

Ili kuona uzito wa mambo haya, inafaa tutoke Yangambi kwa kitambo na kuitazama timu ya taifa katika mwaka wake wa fahari na wa huzuni. Mwezi wa Machi 1974 Chui wa Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati ule, walitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Cairo. Fainali yao na Zambia iliisha mabao 2 kwa 2, ikarudiwa, wakashinda 2 kwa 0, na mabao yao yote manne yalifungwa na Ndaye Mulamba, ambaye katika mashindano yale alipachika jumla ya mabao 9, idadi isiyofikiwa na mwingine katika mashindano mamoja hadi leo. Miezi mitatu baadaye timu hiyo ilikuwa Ujerumani Magharibi katika Kombe la Dunia, kundi moja na Uskoti, Yugoslavia na Brazili. Timu tatu, kila moja kwa zamu yake, zilikuwa na kazi ya kumpima mgeni huyu mmoja, na kupima kwao kuliamua nani aendelee na nani arudi kwao.

Waskoti walitangulia, tarehe 14 Juni, mjini Dortmund. Lorimer alifunga dakika ya 26, Jordan akaongeza dakika ya 34, na tangu hapo Uskoti ikatosheka. Ikapunguza mwendo, ikautunza ushindi wake, na mchezo ukaisha 2 kwa 0. Kama mchezo mmoja uliosimama peke yake, hesabu ile ilikuwa sahihi. Lakini Uskoti haikuwa inacheza mchezo mmoja. Ilitoka sare na Brazili, ikatoka sare na Yugoslavia, na mwisho timu tatu zikawa na pointi 4 kila moja, zikitofautiana kwa mabao tu: Yugoslavia ilikuwa na ziada ya mabao 9, Brazili 3, Uskoti 2. Uskoti ikarudi kwao pasipo kufungwa mchezo hata mmoja. Brazili, iliyocheza na Zaire mwisho, ilijua kabla ya kuingia uwanjani kuwa, iwapo Uskoti na Yugoslavia zingetoka sare, lazima ishinde kwa tofauti ya mabao matatu. Ikapata la kwanza dakika ya 12, la pili dakika ya 66, na la tatu dakika ya 79, pale mpira wa Valdomiro ulipompita Kazadi langoni kwa namna ambayo siku nyingine angeudaka akiwa amefumba macho. Kosa la Waskoti halikuwa kumdharau Zaire kwa maana ya kawaida, kwa kuwa waliingia kwa bidii na wakashinda. Walimpima kwa ajili ya leo wakasahau kumpima kwa ajili ya jedwali zima. Na katika mashindano ya vyuo, ambayo mara nyingi huchezwa kwa makundi katika siku chache, hilo ndilo kosa linaloumiza kuliko yote, nami sijui kosa jepesi kuliko hilo kuepukwa.

Lililo chungu zaidi ni la mchezo wa katikati, tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen. Kocha wa Zaire alikuwa Blagoje Vidinić, Myugoslavia mwenyewe, aliyelinda lango la nchi yake ilipopata dhahabu ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960, na aliyekwisha kuipeleka Moroko katika Kombe la Dunia la mwaka 1970. Ikiwa kuna mtu katika Afrika yote aliyekuwa na habari kamili za mpinzani, ni yeye. Na Zaire ilifungwa 9 kwa 0. Mabao matatu yaliingia katika dakika 18. Dakika ya 21 Vidinić akamtoa Kazadi, akamwingiza Tubilandu. Dakika moja baadaye Tubilandu alikuwa akiuokota mpira wavuni. Katika vurugu ya bao hilo mwamuzi akamwonyesha Ndaye kadi nyekundu kwa kosa lililofanywa na Mwepu Ilunga, na timu ikabaki na watu kumi, pasipo mfungaji wake mkubwa, kwa zaidi ya saa nzima.

Wengi waliosimulia siku ile walimlaumu kocha, baadhi yao kwa shuku mbaya kwa sababu ya uraia wake. Mimi naona hukumu hiyo haina haki. Kama wachezaji wenyewe walivyoeleza baadaye, kabla ya mchezo ule walikwisha kujua kuwa fedha walizoahidiwa hawatazipata, na walikuwa wakishauriana kama waingie uwanjani au wasiingie. Kocha aweza kumjua mpinzani hata jina la mama yake; lakini akiwa na watu kumi na mmoja ambao nyoyo zao zimevunjika usiku uliotangulia, elimu yote ile haina mikono ya kuishika. Jambo hili linahusu vyuo vyetu moja kwa moja. Wiki ya mchezo hutumika kumchambua mgeni, na hakuna anayeuliza kama wachezaji wa nyumbani wamekula, kama viatu vinatosha, kama mtihani wa udongo umewekwa asubuhi ya siku ileile, au kama nauli iliyoahidiwa imetolewa. Mizani ina sahani mbili, na nusu ya kumpima mpinzani ni kujua kilichomo katika sahani ya kwako.

Upande wa pili wa habari hii ni wa furaha, nao ni wa TP Mazembe ya Lubumbashi. Mwaka 2009, katika Kombe la Dunia la Vilabu, Mazembe ilifungwa na Pohang ya Korea, ikafungwa na Auckland City ya New Zealand, ikarudi nyumbani. Mwaka uliofuata ilirejea Abu Dhabi, tena pasipo nyota wake, Trésor Mputu, aliyekuwa amefungiwa. Mtu aliyeipima kwa daftari la mwaka uliopita na kwa jina la mchezaji mmoja alikuwa na kila sababu ya kuiona timu nyepesi. Mazembe ikaitoa Pachuca ya Meksiko kwa bao 1, na tarehe 14 Disemba 2010 ikakutana na Internacional, mabingwa wa Amerika ya Kusini. Wabrazili walishambulia, mlinda lango Kidiaba akazuia, akazuia tena, dakika ya 53 Kabangu akafunga, na dakika ya 85 Kaluyituka akamchezea aliyemkaba upande wa kushoto, akauingiza mpira chini chini mbali na kipa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini kufika fainali, ingawa huko Inter ya Milan iliishinda 3 kwa 0. Linalofundisha ni kuwa Internacional walikuwa na mpira muda mwingi kuliko Mazembe, na bila shaka walijua hivyo tangu mwanzo. Ila kuwa na mpira ni habari ya timu moja, na kujua mwenzako anafanya nini wakati hana mpira ndiyo habari ya mchezo.

Hilo ndilo ningependa mpimaji wa Yangambi aliweke mbele ya yote. Akipata nafasi ya kuwatazama wageni katika mchezo mwingine, au katika mazoezi yaliyo wazi kwa watu, asiufuate mpira kwa macho. Kila mtu huufuata mpira, na kwa hiyo kila mtu hurudi na habari moja. Amchague beki wa kushoto amtazame kwa dakika kumi kamili: akipanda kushambulia, nani huziba pengo lake? Akirudi, hurudi kwa kukimbia au kwa kutembea? Kisha amwangalie mlinda lango akiwa na mpira mikononi: huutupa upande gani, na je, huutupa upande huohuo hata anapobanwa? Kisha ayaangalie yale matukio ya sekunde tano baada ya kupoteza mpira, kwa maana hapo timu huonyesha kama imefundishwa au imekusanywa tu. Iliyofundishwa, watu wawili watatu humrukia aliyeuchukua. Iliyokusanywa, kila mmoja humtazama mwenzake kwa lawama. Na baada ya dakika ya 60 ahesabu ni wangapi wameweka mikono viunoni. Yote haya huandikwa katika kurasa mbili za daftari la shule, pamoja na hali ya uwanja, saa na mvua, kwani pasipo hayo matatu kurasa zile hazina maana.

Nina neno kuhusu dawa, kwa sababu katika soka ya Kongo mtu hawezi kuzungumzia mpinzani siku tatu bila kusikia kuwa mganga wake ni hodari. Sikusudii kubishana na imani ya mtu. Nasema tu kwamba kila saa inayotumika kujadili kilichofukiwa chini ya lango ni saa iliyoibiwa kutoka katika swali la nani atamkaba namba tisa kwenye kona, na kwamba timu iliyokwisha kuamini imefungwa kabla ya mchezo haitarudi mbio dakika ya 85 kuziba pengo. Uchambuzi unapokosekana, dawa huketi mahali pake. Na uchambuzi unapokuwapo, mazungumzo ya dawa hupungua yenyewe, kwa kuwa watu wamepata la kufanya.

Kadhalika matokeo ya michezo iliyopita yasomwe kwa hadhari. Katika Kombe la Mataifa lililochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa mwaka 2024, Kongo ilitoka sare michezo yake yote mitatu ya kundi, na Zambia, na Moroko, na Tanzania. Aliyesoma jedwali aliona timu isiyojua kushinda. Aliyetazama michezo aliona timu isiyofungika kwa urahisi. Na timu hiyo ikaitoa Misri kwa penalti, mlinda lango Lionel Mpasi akipiga ile ya mwisho, ikaifunga Guinea 3 kwa 1, ikafika nusu fainali.

Baada ya kukusanya haya yote, linabaki swali la kiasi gani cha habari hizi kipelekwe kwa wachezaji, na hapa makocha wengi wa vyuo, kwa kuwa ni watu wa kusoma, huzidisha. Beki anayeingia uwanjani na mambo kumi na mawili kichwani atasita katika kila moja. Ningempa kila mchezaji jambo moja linalomhusu yeye: beki wa kulia, kwamba winga wake hukata ndani kwa mguu wa kulia, mlinda lango, kwamba kona zao hupigwa nguzo ya karibu, nahodha, mahali jua litakapokuwa saa kumi na nusu. Mengine yabaki kwa kocha, ayalinganishe na atakayoyaona katika robo saa ya kwanza, akiwatazama wageni wakipasha miili moto, nani anachechemea, nani amepewa jezi ya yule aliyesemwa sana na hakuja; na likitofautiana lililo machoni na lililo daftarini, afuate lililo machoni, awabadilishie maagizo wakati wa mapumziko, kwa maneno machache, kabla hawajamaliza maji.